Mashine Haikunitaja

Dar es Salaam
9 Aprili 1972

Dada Yunisi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta na homa. Niliisoma mara mbili kitandani, siku ya pili nikaamka. Mama usimwambie habari ya homa.

Umeniuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana huko wanasema natengeneza saa. Dada, hapa ofisini kuna mashine inaitwa kompyuta. Inajaza chumba kizima na inakaa penye ubaridi zaidi kuliko sisi watu. Yenyewe haijui chochote. Lakini ukiiandikia maagizo hatua kwa hatua, usiruke hata moja, itafanya kwa dakika chache hesabu ambayo makarani ishirini wangekesha nayo wiki nzima. Maagizo hayo ndiyo programu. Tunayatoboa kwenye kadi ngumu, tundu kwa tundu, na mashine inasoma matundu. Nilijifunza ng'ambo miezi tisa, sasa nawafundisha makarani tisa waliotolewa idara mbalimbali.

Hapo ndipo ninapokwama. Kitabu tulicholetewa kinatoka kwa wenzetu wa nchi za baridi. Zoezi la kwanza ni treni mbili zinazopishana. La pili ni duka la makoti. La tatu linataka wapime theluji iliyoanguka kwa mwezi. Juzi Mazengo, kijana wa Manyoni, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, theluji inapimwa kwa debe au kwa kilo?" Darasa likacheka, nami nikakifunga kitabu. Simoni, mtu mzima mwenye watoto wanne, analala waziwazi. Wananakili ninachoandika ubaoni, kesho yake hakuna anayeweza kurudia.

Mkuu wetu, Bwana Anselm, amesema mtihani ni mwezi wa nane. Wakipita chini ya watano, darasa linafungwa na kazi watapewa wageni wa mkataba. Wewe umefundisha watu wazima miaka miwili. Hivi unafanyaje wasilale?

Mdogo wako,
Antipasi


Kijijini, Mtinko
23 Aprili 1972

Mdogo wangu Antipasi,

Marahaba. Mama nimemwambia habari ya homa. Amesema umeanza kunywa maji ya barafu.

Unaniuliza watu wasilale. Wangu walilala pia. Kitabu cha kisomo tulicholetewa hapa ni cha pamba. Kupanda pamba, kupalilia pamba, kupima pamba. Nawe unajua hapa kwetu hakuna hata shina moja la pamba. Sisi ni uwele, mtama na vitunguu. Akina mama walikuwa wanafika wamechoka, wanaandika "pamba, pamba," wanasinzia.

Siku moja walikuja wakigombana. Tangu tuhamie kijiji kipya, kaya zote tunachota kwenye pampu moja, na dizeli tunayopewa inatosha saa nne tu kwa siku. Anayewahi anajaza mapipa, anayechelewa anarudi na debe tupu. Siku hiyo Marietha alisukumwa kwenye foleni, akaanguka, mkono ukavunjika. Wakaingia darasani wanasemeshana kwa Kinyaturu, mmoja juu ya mwingine. Nikafuta pamba ubaoni. Nikaandika PAMPU. Nikawaambia, herufi mbili tu zimebadilika, someni. Wakasoma! Nikaandika FOLENI. Nikaandika MARIETHA. Antipasi, sikuwahi kuona watu wakikodolea ubao macho namna ile. Sasa wanakuja kabla yangu.

Basi mimi sina ujuzi mwingine wa kukupa. Wape jambo linalowauma au linalomuuma mtu wanayemjua.

Dada yako,
Yunisi


Dar es Salaam
6 Mei 1972

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma darasani yote, isipokuwa habari za mama. Nilipofika kwenye mkono wa Marietha, Simoni alikuwa macho.

Nikawauliza, "Tungekuwa sisi ndio tunapanga zamu za pampu hiyo, tungeanzia wapi?" Hakuna aliyengoja kuitwa. Mazengo akasema kila kaya ipewe siku zake na saa yake. Simoni akasema haiwezekani kaya ya watu wawili ilingane na kaya ya watu kumi. Redempta, binti wa Iramba upande wa Mkalama, akasema mama mwenye mtoto mchanga asipangiwe saa ya jua kali. Wakabishana mpaka kengele ikalia, wakaendelea kubishana kwenye ngazi. Na dada, ubishi ule ndio programu yenyewe. Kama kaya ina watu zaidi ya sita, fanya hivi. Kama sivyo, fanya vile. Mwezi mzima nilishindwa kuwaingizia jambo hilo kwa makoti.

Tunahitaji vitu vya kweli kutoka kwako. Orodha ya kaya zote, watu wangapi kila kaya, nani ana mtoto mchanga, nani anakaa mbali na pampu, na debe moja linajaa kwa muda gani. Tafadhali usikadirie. Mashine haina huruma na makadirio.

Antipasi


Kijijini, Mtinko
20 Mei 1972

Antipasi,

Naandika haraka, gari la magunia ya vitunguu linaondoka sasa hivi kwenda Singida na dereva amekubali kubeba bahasha.

Orodha ni hiyo, kaya mia moja na kumi na mbili. Mwenyekiti wetu, Mzee Lazaro, aliniazima daftari la kijiji siku mbili, nikanakili. Debe nimelipima mwenyewe kwa saa ya mwalimu mkuu: dakika moja kwa kila bomba, na mabomba ni mawili. Mzee Lazaro amefurahi sana kusikia kijiji chake kinaingizwa kwenye mashine ya serikali. Amekwisha kutangaza.

Mvua zimekwisha kabisa. Fanyeni upesi.

Yunisi


Dar es Salaam
17 Juni 1972

Dada Yunisi,

Shikamoo. Fungua karatasi hii ndefu taratibu, isichanike. Hizo ndizo zamu. Kila kaya siku tatu kwa wiki na saa yake, wengine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wengine Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili pampu ipumzike.

Haikuwa rahisi. Tunapewa saa moja tu ya mashine kila Ijumaa mchana. Ijumaa ya kwanza ilikataa kadi zote kwa sababu ya nukta moja. Ya pili ilimpangia mtu mmoja, Isaka, zamu zote za wiki nzima, wengine hawakupata kitu. Mazengo akasema huyo Isaka lazima ana ndugu ofisini. Walitafuta kosa siku tano. Simoni ndiye aliyeligundua, chakula cha mchana hakumaliza: tulisahau kuiambia mashine isogee kwa mtu anayefuata. Ilikuwa inamrudia yule yule.

Jana mashine ilipoanza kuchapa majina ya kweli, moja baada ya jingine, wote waliizunguka. Redempta alikuwa anayasoma kwa sauti ndogo kama anaita watu. Bwana Anselm alisimama mlangoni. Amesema atakuja rasmi tarehe 28 Julai kuona kazi hii, naye atamleta mkubwa wake. Ikimpendeza, darasa litakuwa la kudumu.

Niandikie jinsi watu walivyoipokea. Usiache kitu.

Antipasi


Kijijini, Mtinko
30 Juni 1972

Mdogo wangu,

Karatasi ilifika salama. Mzee Lazaro aliibandika yeye mwenyewe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, kwa gundi ya unga.

Wanaume walisubiri wasomewe. Lakini akina mama wa darasa langu walisogea wakaanza kutafuta majina ya nyumba zao kwa kidole. Marietha, mkono ungali kwenye kitambaa, akaliona jina la mume wake, akapiga kigelegele. Wengine wakasoma saa zao. Wakwe wakabaki wanatazama. Antipasi, ingekuwa ni siku hiyo tu ningesema nimelipwa.

Foleni ni fupi. Hakuna aliyepigana tangu tuanze. Mwambie mkuu wako hivyo.

Wewe na wanafunzi wako mmefanya kazi nzuri. Mengine tutaongea ukija likizo.

Dada yako,
Yunisi


Dar es Salaam
8 Julai 1972

Mwalimu Yunisi,

Shikamoo. Hunijui kwa sura. Mimi ni Redempta, mwanafunzi wa Mwalimu Antipasi. Ni mtani wako pia, kwetu ni Iramba, lakini leo utani nauweka pembeni.

Nimeandika bila kumwambia mwalimu, unisamehe. Mimi ndiye niliyetoboa kadi za majina, kila herufi ya kila jina imepita kwenye vidole vyangu. Wiki iliyopita nilikuwa nazipanga, nikaona jambo. Majina mia moja na kumi na mbili, hakuna hata moja la mwanamke.

Nilikaa nikawaza. Mama yangu alifiwa na baba nikiwa darasa la pili. Kaya ilikuwa yake, moto ulikuwa wake, kodi alidaiwa yeye. Kijiji chenye kaya zaidi ya mia na hakina mama yangu hata mmoja? Nikasema labda kwa Wanyaturu wajane wanarudi kwa ndugu zao. Halafu nikakumbuka kwamba katika barua zako, zile alizotusomea mwalimu, umeandika "kaya zote," lakini orodha umesema umeinakili kutoka daftari.

Kama nimekosea, nicheke tu, mimi ni mtani. Kama sikukosea, niambie ni wangapi.

Mwanao,
Redempta


Kijijini, Mtinko
19 Julai 1972

Redempta mwanangu,

Marahaba. Hukukosea. Ni kumi na moja.

Daftari la Mzee Lazaro linaandika mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya kwake ni mwanamume. Wajane saba, na wanne ambao waume zao walikwenda kwenye mkonge Tanga wasirudi. Zamani hakuna aliyejali daftari, walichota kwa kusukumana kama wengine. Ni karatasi yetu iliyowafungia nje. Nami ninawafahamu wote! Watano ni wanafunzi wangu. Nilinakili jina kwa jina kama ninavyowakataza watoto wasinakili, bila kufikiri.

Siku ile ya vigelegele, mmoja wao, Sara Marko, alipitisha kidole tangu juu mpaka chini. Akarudia. Nilidhani hajui kusoma vizuri, nikaenda kumsaidia. Alikuwa anasoma vizuri. Akaniuliza, "Mwalimu, mimi niko wapi?" Asubuhi yake alikwenda na debe, fundi wa pampu akamrudisha. Akaenda kwa mwenyekiti. Mzee Lazaro si mtu mbaya, lakini alimjibu, "Mama, mimi nifanye nini? Mashine haikukutaja."

Tangu hapo wanachota kwenye shimo la mchangani korongoni, mwendo wa saa moja na nusu. Mimi nimempa Sara zamu moja ya kaya yetu kwa wiki, haitoshi. Mtoto wake wa mwisho aliharisha siku sita. Tulimpeleka zahanati, akapata nafuu, lakini kuna asubuhi tulidhani tumempoteza.

Kwa nini sikumwandikia Antipasi? Aliniambia wakubwa wanakuja. Nikasema apite kwanza, darasa lake lisifungwe kwa kosa langu. Nilijiambia ni mapenzi ya dada. Siku ile zahanati, Sara hakunilaumu hata kwa neno moja, nami nikajua si mapenzi peke yake. Niliona aibu.

Majina kumi na moja, idadi ya watu, na umbali wao, nimeandika nyuma ya karatasi hii. Safari hii nimepita mlango kwa mlango. Mpe Antipasi barua hii aisome mwenyewe.

Yunisi


Dar es Salaam
30 Julai 1972

Dada,

Shikamoo. Barua yako kwa Redempta ilifika Alhamisi tarehe 27, siku moja kabla ya wakubwa. Redempta aliniwekea mezani akatoka.

Nilikasirika. Nilikasirika nawe, kisha na Redempta, na usiku nikaona sina haki kwa yeyote. Nilikuandikia "usikadirie," lakini sikukuuliza daftari linaandika nani. Na nitakuambia jambo la aibu yangu pia, tuwe sawa: nilifikiri kuikunja barua ile mpaka Jumamosi. Siku mbili tu, nikasema, wakubwa wapite. Halafu nikamkumbuka yule mtoto wa zahanati.

Ijumaa asubuhi nilimwambia Bwana Anselm kabla ya mgeni wake kuingia. Nikasema kazi utakayoionyesha ina kosa, imenyima watu kumi na mmoja maji, naomba saa moja ya mashine tuirudie. Akasema, "Mashine ya serikali ina kazi za wizara wiki mbili mfululizo. Siwezi kukupa hata dakika." Nikarudi darasani kuwaambia kwamba yamekwisha.

Simoni akasema, "Kwani mwalimu, hatua zote si tulizitunga sisi?"

Wakasogeza meza ukutani. Wakatandaza kadi za kaya zote sakafuni, mia moja ishirini na tatu. Redempta akawa anasoma maagizo, hatua ya kwanza, hatua ya pili. Mazengo akashika hesabu ubaoni. Wengine wakatambaa kwa magoti wakihamisha kadi kutoka siku hii kwenda siku ile. Walikuwa mashine wenyewe, ila mashine hii ilikuwa inauliza. Walipofika kwa Sara, Redempta alisimama akasema, "Huyu ana mtoto aliyetoka kuugua. Tuna hatua ya mtoto mchanga, hatuna ya mgonjwa." Wakaongeza hatua. Kwa kuwa saa za pampu haziongezeki, kila kaya kubwa imepungua debe moja.

Wakubwa waliingia katikati ya haya, watu wamejaa vumbi magotini. Mgeni akamwuliza Simoni, "Kaya mbili zikilingana kwa kila kitu, nani atangulie?" Simoni, bila kuinua macho, akajibu, "Anayetoka mbali, mzee. Hatua ya tisa." Yule mgeni akavua koti akakaa juu ya meza, akatazama mpaka mwisho. Jioni Bwana Anselm alinipitia akaniambia mtihani niutunge mimi, kitabu cha theluji nikiweke kabatini.

Sijui kama tumepona, mtihani bado. Ila zamu mpya ni hizi, zimeandikwa kwa mkono wa Redempta. Zibandikwe leo hii zikifika.

Nisamehe, nami nimekusamehe.

Antipasi


Kijijini, Mtinko
13 Agosti 1972

Antipasi,

Zilifika, lakini hazikubandikwa siku ile. Mzee Lazaro alizikataa mbele ya mkutano. "Hii imeandikwa kwa mkono," akasema. "Ile ya kwanza ilipigwa na mashine. Mnataka niache ya mashine nishike ya mkono?" Na wale wenye kaya kubwa, waliopunguziwa debe, wakamuunga mkono. Nikajua tumeshindwa.

Sara akasimama. Hajawahi kusema mkutanoni. Alisema kwa utulivu tu, "Shikamoo mwenyekiti. Naomba kuuliza. Mashine ilijuaje jina lako?"

"Iliandikiwa," akajibu.

"Na nani?"

"Na mwalimu Yunisi."

"Mwalimu aliyatoa wapi?"

Kila mtu anajua daftari ni la nani. Mkutano ukaahirishwa. Nililala vibaya sana siku hiyo.

Asubuhi nilimkuta ofisini na daftari limefunguliwa, miwani imeteremka puani. Alikuwa ameongeza majina kumi na moja chini ya mengine, kwa mwandiko wake, na kila moja ameliandika mkuu wa kaya. Akaniuliza kama Redempata anaandikwa hivyo, maana alitaka kumshukuru. Nikamsahihishia. Zamu mpya akazibandika juu ya zile za mashine. Mkewe analalamika kuhusu debe moja. Amemwambia akalalamike Dar es Salaam.

Kuna barua nyingine ndani ya bahasha hii. Sikuisahihisha.

Dada yako,
Yunisi


Mtinko 12 Agosti 1972

Kwa darasa la mashine

Hamjambo wote. Mimi ni Sara Marko. Naandika mwenyewe. Mwalimu hakunishika mkono. Ni barua yangu ya kwanza.

Mtoto amepona. Anakula uji.

Zamu zenu ni nzuri lakini kuna kosa. Mmeniweka Jumatatu na Jumatano na Ijumaa. Ijumaa siwezi. Ijumaa ni mnada nauza vitunguu. Hamkuuliza habari ya mnada. Tuko wengi tunaouza. Nimeongea na Isaka wa Jumanne amekubali tubadilishane. Wengine nimewaandika chini na siku wanazotaka.

Mwenyekiti amesema mtu akiona kosa aandike. Ndiyo nimeandika.

Rekebisheni mlete upesi. Nasubiri.

Ni mimi
Sara Marko
Mkuu wa kaya


Dar es Salaam
2 Septemba 1972

Mama Sara,

Shikamoo. Mtihani umefanyika. Wamepita saba kati ya tisa. Mazengo hakupita, amekasirika, ataurudia, na darasa lipo. Swali la kwanza lilikuwa barua yako. Mimi Antipasi niliisoma, nikawaambia, "Mama huyu amesema tumekosea. Onyesheni wapi."

Wote tisa walionyesha.

Zamu zako ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa moja asubuhi; za wenzako wa mnada zimo ndani ya bahasha hii. Ukiona kosa jingine, andika.

Antipasi, Redempta, Simoni, Mazengo na wenzao